Uliza Ujibiwe: Nyumba ya msanii kijijini haitaki saruji

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja. Msanii amefariki, nyumba yake ya kijijini ipo, na familia au kijiji wanataka ibaki ili watu waje kuona alikoishi na alikofanyia kazi. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi wa kanda hii ya ziwa. Msimamo wetu tuuseme mapema: nyumba nyingi za namna hii huponzwa na ukarabati wa haraka kuliko uzee.

Mwangaluka wahariri. Babu yetu alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, na nyumba yake ni ya tofali mbichi. Baada ya msiba wajomba walichanga, wakapiga lipu ya saruji nje na ndani, wakazungushia zege nje ya kuta. Sasa lipu inavimba na kudondoka kuanzia chini. Fundi anashauri tupige nyingine yenye saruji nyingi zaidi. Tumsikilize?
*Msomaji, Kisesa*

Hapana, ndugu yetu. Mkiongeza saruji, ukuta utaanguka mapema zaidi.

Ukuta wa udongo hunyonya maji kidogo kidogo kutoka ardhini na kwenye mvua, kisha huyatoa kwa jua na upepo. Saruji haipitishi mvuke kirahisi. Tena saruji ni ngumu na udongo ni laini, hivyo jua likipiga havitanuki sawasawa, na nyufa nyembamba hujitokeza. Maji ya mvua yanaingia kwenye nyufa hizo na hayana pa kutokea. Tofali za chini zinageuka tope nyuma ya lipu huku ganda la nje limesimama, na mwenye nyumba anadhani ukuta ni mzima mpaka siku unapokaa chini. Lile zege la nje ndilo baya kuliko yote. Limefunika ardhi ambayo ingekuwa inakauka, kwa hiyo unyevu wote ulio chini yake unatafuta njia kupitia kuta.

Subirini masika yaishe. Kazi hii ni ya Juni hadi Agosti, ili kuta ziwe zimekauka kabla ya vuli. Pitisheni mpini wa nyundo ukutani mkigonga taratibu. Panapolia utupu pachoreni kwa chaki. Msibomoe lipu yote kwa siku moja. Anzeni na ukanda wa chini, sentimita 60 kutoka ardhini, kwa vipande vya mita moja moja mkiruka kimoja, ili ukuta usibaki bila kitu cha kuushika. Tumieni tindo na nyundo nyepesi, tindo ikiwa imelala kufuata ukuta. Sululu na mashine ya kukatia zinatikisa tofali ambazo tayari zimelainika. Palipofunguliwa paachwe wazi wiki tatu hadi nne.

Tofali lililoliwa zaidi ya theluthi ya unene wake litolewe, libadilishwe na tofali mbichi lililokauka mwezi mzima, likijengewa kwa udongo na si kwa saruji. Ukuta ukiwa umeinama, au ufa umepenya hadi upande wa pili, wekeni kwanza nguzo za kuegemeza kabla ya kugusa lipu.

Zege la nje livunjwe liondolewe. Mahali pake shindilieni udongo wenye mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, kwa upana wa mita moja na nusu kutoka ukutani, halafu ndipo mchimbe mfereji wa kupeleka maji mbali. Upenu wa paa utokeze angalau sentimita 60 nje ya ukuta. Mkiyafanya haya mawili vizuri, mteremko na upenu, nusu ya ugonjwa wa nyumba yenu imekwisha hata kabla ya lipu mpya.

Lipu mpya iwe ya udongo. Udongo wa kichuguu unafaa sana kwa sababu una mfinyanzi wa kutosha. Luseni peke yake ni mchanga, haushiki. Udongo mweusi wa mbuga msiuguse kabisa, maana hutanuka ukilowa na kupasuka ukikauka. Ili mjue mlichonacho, jazeni chupa angavu nusu udongo na nusu maji, tieni chumvi kidogo, tikiseni, iacheni siku nzima. Mchanga utakaa chini, udongo laini juu yake, mfinyanzi juu kabisa, na mtaona kila kimoja ni kiasi gani.

Mchanganyiko wa kuanzia ni karai 1 la udongo wa kichuguu, karai 2 za mchanga, nusu karai la majani makavu yaliyokatwa sentimita 3 hadi 5, na robo karai la samadi mbichi ya ng'ombe. Kandeni kwa miguu, funikeni, rudieni kukanda kila siku kwa siku nne hadi saba. Kabla ya kukandika nyumba, pakeni viraka vya majaribio vya sentimita 30 kwa 30 ukutani, kimoja chenye mchanga karai 2, kingine 2 na nusu, kingine 3. Kikikauka na kupasukapasuka, mfinyanzi umezidi. Ukikisugua kwa kiganja kikatoa vumbi, mchanga umezidi. Kikibanduka kipande kizima, tatizo liko ukutani: ulikuwa na vumbi au mlisahau kuunyunyizia maji.

Ndoo moja ya lita 20 hufunika mita moja ya mraba kwa unene wa sentimita 2. Huo ndio unene wa mkono wa kwanza. Ukwaruzeni ungali mbichi, uacheni ukauke hadi ndani, kisha pakeni mkono wa mwisho wa milimita 3 hadi 5, wa udongo uliochekechwa usio na majani marefu. Upande unaopigwa na jua la mchana tundikeni turubai au magunia, kwa kuwa lipu ya udongo ikikaushwa haraka hupasuka hata kama vipimo ni sahihi.

Je, mwishoni tunaweza kupaka rangi ya mafuta ili mvua isiingie?
*Msomaji huyohuyo*

Rangi ya mafuta na ile ya plastiki zinaziba ukuta kama saruji, kwa hiyo hapana. Pakeni chokaa iliyozimwa, nyembamba kama maziwa, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata. Ila kama ndani kuna michoro, maandishi ya mkaa au hata hesabu za madeni alizoandika marehemu ukutani, sehemu hiyo isipakwe chochote.

Nasoma sanaa na naishi Nyegezi. Wenzangu wanasema nyumba ya udongo haiwezi kuwa makumbusho ya maana. Kuna mahali duniani wamehifadhi nyumba ya udongo ya mchoraji?
*Msomaji, Nyegezi*

Iko moja maarufu sana. Mchoraji wa Marekani Georgia O'Keeffe alinunua mwaka 1945 nyumba ya udongo iliyokuwa gofu katika kijiji cha Abiquiú, New Mexico. Iliuzwa na Kanisa Katoliki. Ukarabati ulichukua miaka kadhaa chini ya usimamizi wa Maria Chabot, na mwaka 1949 mchoraji akahamia huko moja kwa moja. Kuta zilikandikwa na kulainishwa kwa mikono ya wanawake wa hapohapo. Uani kulikuwa na mlango mmoja alioupenda kiasi cha kuuchora mara nyingi. Alifariki mwaka 1986 akiwa na miaka 98, na leo nyumba hiyo iko chini ya makumbusho yenye jina lake. Wageni huingia kwa kuongozwa, makundi madogo, kwa kuweka nafasi mapema.

Katika jimbo hilohilo kuna funzo linalomhusu moja kwa moja msomaji wetu wa Kisesa. Kanisa la udongo la Ranchos de Taos, ambalo O'Keeffe alilichora pia, lilipigwa lipu ngumu ya saruji mwaka 1967. Unyevu ukanaswa ndani ya kuta. Miaka 12 baadaye lipu hiyo ikabanduliwa, na waumini wakarudia desturi yao ya kulikandika upya kwa udongo kila mwaka. Na ile ni nchi kame. Mwanza inapata mvua nyingi zaidi, kwa hiyo upenu na mteremko kwetu ni vya lazima.

Mfano wa pili tunautaja kwa sababu ya bustani. Mchoraji Claude Monet aliishi kijiji cha Giverny, Ufaransa, kuanzia 1883 hadi kifo chake mwaka 1926. Baadaye nyumba ilitelekezwa, na walipoikarabati walipanda upya bustani nzima, kisha wakafungua milango mwaka 1980. Bila bustani ile picha zake hazieleweki. Kwa msanii wa Usukumani bustani hiyo ni uwanja wa ngoma, zizi, ghala la nafaka, mti wa kivuli na ua wa minyaa. Viingizeni vyote kwenye mpango wa hifadhi tangu mwanzo. Anayepogoa minyaa avae miwani na glavu, utomvu wake unaunguza macho vibaya.

Baba alikuwa mchongaji. Alizaliwa kwenye msonge, lakini tangu tukiwa shule alikuwa ameshajenga nyumba ya bati na huko ndiko alikochongea hadi mwisho. Ndugu zangu wanataka tung'oe bati tuezeke nyasi ili watalii wapende. Ni sawa?
*Msomaji, Sengerema*

Acheni bati. Mgeni anakuja kuona mchongaji alivyoishi, na yeye alichongea chini ya bati. Mkiezeka nyasi mtakuwa mmemjengea maisha ambayo hakuyaishi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi wanaufuata, unataka mchango wa kila kipindi kwenye jengo uheshimiwe. Chagueni kipindi kimoja kiongoze kazi, kwa mfano miaka yake kumi ya mwisho, mkiandike, na kila fundi akija asomewe. Msonge wa alikozaliwa, kama hata msingi wa mawe upo, uzungushieni kamba na kibao kifupi. Inatosha.

Kwa wengine ambao nyumba yao kweli ni ya nyasi, mwinuko wa paa usipungue nyuzi 45, na nyasi zishindiliwe kufikia unene wa sentimita 20 hadi 30. Chini ya mwinuko huo maji hukaa badala ya kuteremka, na nyasi huoza kutoka juu. Nyasi nzuri ni zile ndefu zilizokomaa na kukauka zikiwa zimesimama, na mahali pa kuzipata bila ugomvi ni kwenye ngitili, yaani eneo la malisho lililotengwa, la familia au la kijiji, kwa makubaliano ya kufunga eneo hadi msimu wa kukata. Masizi yaliyo kwenye fito na kamba za jikoni msiyasugue. Yamesaidia kufukuza wadudu miaka yote hiyo, na yanaonyesha moshi wa nyumba ulipita wapi.

Jambo moja hatari: ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, na nyumba nyingi za Mwanza zimekaa juu ya miamba. Kwa paa la nyasi, waya wa kinga radi usipite juu ya nyasi. Simamisheni mlingoti wa chuma mita chache kutoka kwenye nyumba, mrefu kuliko paa, wenye waya mnene wa shaba unaoshuka moja kwa moja ardhini. Kwenye mwamba mtupu kufukia waya ni kazi ngumu, hivyo mwiteni fundi umeme mwenye leseni. Nyaya za taa zisipitishwe ndani ya nyasi, na ndoo nne za mchanga zikae mlangoni muda wote.

Ngoma na vinyago vya marehemu vinadondosha unga laini na vina matundu madogo ya duara. Mmoja anasema tupake oili chafu, mwingine anasema tuanike juani. Kipi kinafaa?
*Msomaji, Nansio, Ukerewe*

Huyo ni bungua. Kila tundu ni mahali mdudu mzima alipotokea, na wanaokula mti ni watoto wake waliobaki ndani. Oili chafu haiwafikii, tena inabadilisha rangi ya mti na kuacha harufu isiyoisha. Jua linapasua mti na kukaza ngozi ya ngoma hadi ichanike. Majani makavu ya mwarobaini yanaweza kuwazuia wapya wasisogee, lakini hayaui walio ndani.

Njia inayofanya kazi bila sumu ni baridi kali, na mwambao wa ziwa letu una friza nyingi kwa sababu ya samaki. Tafuteni iliyo tupu, safi na kavu. Isiwe na samaki ndani wakati huo. Legezeni kamba za ngozi kidogo. Fungeni kila kitu kwenye kitambaa cha pamba, kisha kwenye mfuko mnene wa nailoni, toeni hewa, zibeni kwa gundi ya utepe pande zote. Friza iwe tayari imeshika nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri ndipo mtie mzigo, kwa sababu mdudu akipozwa polepole anaizoea baridi na kupona. Acheni siku 14. Umeme ukikatika hadi joto likapanda, hesabu ianze upya. Mkitoa, msifungue mfuko kwa saa 24, la sivyo umande utatua juu ya mti wenyewe badala ya juu ya nailoni.

Baada ya hapo weka kila kitu juu ya karatasi nyeusi. Unga mpya ukionekana baada ya wiki chache, kazi irudiwe. Michoro ya rangi ya mafuta, vitu vilivyopakwa nta na vile vilivyobandikwa vioo au meno ya mnyama visiingizwe kwenye friza.

Mchwa ni habari nyingine, kwa sababu wao hutokea ardhini. Acheni ukanda wa udongo mtupu kuzunguka nyumba, bila kuni wala marundo ya majani, ili vijia vyao vya tope vionekane. Mkikiona kijia, kikwangueni na mrudi baada ya siku mbili. Kikijengwa tena, njia ile ni hai. Kama ni lazima kutumia dawa, iwe iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ipigwe ardhini nje ya nyumba, kamwe si juu ya vitu vya msanii. Na kama wazee wanakumbuka kwamba miaka ya nyuma ngoma zilinyunyiziwa DDT, zishikwe kwa glavu na watoto wasizichezee.

Michoro ya shangazi ni ya rangi za kung'aa juu ya hadibodi. Wadudu wa ziwani wakija wanajaa juu yake na kuacha madoa. Tunaifuta kwa kitambaa chenye maji lakini rangi inaanza kutoka.
*Msomaji, Kayenze*

Acheni maji leo hii. Hadibodi hunywa maji pembeni na kwenye mikwaruzo, ikavimba, na rangi iliyo juu yake ikajikunja. Vumbi na mabawa yaliyokauka yatolewe kwa brashi mpya laini, mchoro ukiwa umelazwa mezani, brashi ikipita upande mmoja tu. Doa lisilotoka kwa brashi liacheni. Doa dogo halimpunguzii shangazi heshima, na rangi yake ikishatoka haitarudi. Vanishi ya dukani msipake kwa sababu itageuka njano, na kuiondoa ni kuondoa na mchoro.

Dawa halisi ni kuwazuia wadudu wasiingie. Wale wanaopanda kutoka ziwani kama moshi hufuata mwanga, na huwa wengi zaidi siku mwezi unapoandama. Siku hizo zimeni taa mapema na msiache hata moja ndani ya chumba cha michoro. Madirisha yawekwe wavu wenye matundu madogo kuliko ule wa kawaida wa mbu.

Michoro isitundikwe kwenye ukuta unaopigwa na mvua, wala mbele ya dirisha. Bandikeni vipande vya mti vya sentimita 2 nyuma ya kila kona ili hewa ipite kati ya mchoro na ukuta. Bila hivyo kuvu huanzia nyuma ambako hamuoni. Nunueni kipima unyevu kidogo. Kikikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu iko njiani. Fungueni madirisha saa za mchana zilizo kavu na kuyafunga kabla ya mvua na kabla ya giza.

Marehemu aliacha kaseti nyingi za nyimbo zake za wigashe na bugobogobo, ngoma za Wasukuma. Tuzifanyeje, na je, redio zikizitumia tuna haki yoyote?
*Msomaji, Magu*

Kabla ya kingine chochote, vunjeni vile vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa juu wa kila kaseti. Vikiwepo, mtu anaweza kurekodi juu ya sauti ya marehemu kwa bahati mbaya. Kaseti yenye ukungu mweupe kwenye utepe isichezwe, itachafua na nyinginezo. Iliyo safi ipelekwe mbele hadi mwisho na kurudishwa mara moja ili utepe ulegee, kisha ichezwe kwenye mashine iliyosafishwa kichwa chake kwa pamba na spiriti isiyo na rangi.

Mchezo huo wa kwanza ndio mrekodi kwenye kompyuta, maana huenda ukawa bora kuliko yote itakayofuata. Tumieni faili za WAV, biti 24, kilohezi 96. Saa moja huchukua takriban gigabaiti 2. MP3 ni ya kugawia ndugu tu. Wekeni nakala tatu, moja iwe mji mwingine kabisa. Kaseti zenyewe zisimame wima ndani ya kasha, mbali na spika.

Kuhusu haki: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na haki hiyo huwaangukia warithi. Msimamizi wa mirathi apeleke orodha ya nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kama kwenye kaseti kuna waimbaji wengine, majina yao yaandikwe pia.

Ndugu mmoja anataka kuuza eneo la marehemu. Nilidhani nyumba ya msanii mkubwa inalindwa na serikali moja kwa moja.
*Msomaji, Misungwi*

Hailindwi moja kwa moja. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863. Lililojengwa baadaye linahitaji tangazo la waziri. Kwa hiyo anzeni na nguvu mlizonazo karibu. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo ili awepo msimamizi anayetambulika. Kabla ya hapo hakuna ndugu mwenye mamlaka ya kuuza peke yake. Eneo likiwa ardhi ya kijiji, ombeni hati ya hakimiliki ya kimila kwa halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kwa jina la familia na si la mtu mmoja. Mkikubaliana nyumba iwe ya kudumu, undeni bodi ya wadhamini na kuisajili RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Bodi haifi, na mwanafamilia mmoja hawezi kuiuza nyumba kwa hasira ya siku moja. Baada ya hapo andikieni Idara ya Mambo ya Kale, mkiambatisha picha na orodha ya vitu.

Mgeni rasmi anakuja baada ya wiki tatu kuzindua nyumba ya kumbukumbu ya babu. Kamati imesema tutoe kila kitu, tusafishe, tupange vizuri. Tuanze na chumba gani?
*Msomaji, Bunda*

Msitoe kitu hata kimoja kwanza. Kitu kikishahama mahali pake bila kuandikwa, hakuna atakayejua tena kwa nini patasi ilikuwa chini ya kitanda na kigoda kilitazama dirisha la mashariki.

Siku ya kwanza ni ya picha na vipimo. Simama katikati ya chumba, piga ukuta mmoja mmoja ukizunguka kufuata mshale wa saa, kisha sakafu, kisha paa. Pima kuta zote na pia umbali wa kona kwa kona, kwa sababu vyumba vya kijijini mara nyingi havina kona za mraba na ramani bila kipimo hicho haikubali kufunga. Ichore ramani hiyo kwa penseli, sentimita 2 kwa kila mita 1.

Siku zinazofuata andikeni daftari la kushonwa, si karatasi zinazochomoka. Kwa kila kitu andikeni namba, jina lake la Kiswahili na la kikwenu, kilipokuwa, urefu na upana, kimetengenezwa kwa nini, kasoro zake, nani alikitumia, na nani ametoa maelezo. Kwa vitu vya ngoma ongezeni kama mhusika alikuwa wa Bagika au Bagalu, vyama viwili vikuu vya ngoma vya Wasukuma. Vijana wengi wa leo hawajui, na wazee wanaojua wanapungua. Namba iandikwe kwenye kitambaa cha pamba kifungwe kwa uzi. Kalamu ya wino mzito, seloteipu na chapa za kubandika visiguse kitu chenyewe.

Watu wawili wanaweza kufikia vitu 30 au 40 kwa siku bila kuharakisha, hivyo wiki tatu zinatosha kwa nyumba ya kawaida. Mkikuta dawa za ngoma, mizizi, pembe au vifuko vilivyofungwa, visifunguliwe. Waulizeni wazee wa ukoo kama vinaweza kuonekana na watu wote, na wakisema hapana, viandikwe daftarini na kukabidhiwa kwao.

Kama hamjawahi kuona vitu vya namna hii vikipangwa, tumeni wajumbe wawili makumbusho ya Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Quebec, Kanada. Ngoma za watemi zina banda lao na vyama vya ngoma vina lao. Watazame hasa jinsi vitu vilivyoinuliwa kutoka sakafuni.

Siku ya uzinduzi wageni waingie wanane kwa mara moja, bila viatu au kwa kupita juu ya mikeka, kwa kuwa sakafu iliyosilibwa kwa samadi hukwanguka upesi. Mtu mmoja asimame mlangoni akihesabu wanaoingia na wanaotoka, mwingine abaki ndani. Hotuba, muziki na chakula viwe uwanjani. Kama daftari halijaisha ifikapo siku hiyo, vyumba ambavyo havijaandikwa vifungwe kwa kufuli, na mgeni rasmi aelezwe sababu.